Kitabu cha Mchoraji Nakianzia Nyuma

Nikipewa kitabu cha mchoraji nakifungua kwa nyuma kwanza. Kazi ndiyo iliyonizoesha hivyo. Mimi ni mpangaji kurasa kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji huku Keko, na ukishazoea harufu ya wino huwezi tena kushika kitabu kama wanavyokishika watu wengine. Nataka nijue kimechapwa wapi, kwa karatasi gani, kimeshonwa uzi au kimebandikwa gundi tu. Nataka pia nijue nani amelipa, maana vitabu vya picha havijilipii hata siku moja. Nikishajua hayo ndipo nageuza mbele nimtazame mwenye kitabu.

Kwa wachoraji wetu, kurasa za nyuma zina habari ya kuchosha. Kimetolewa na makumbusho ya Frankfurt. Kimetolewa na nyumba ya sanaa ya London. Kimechapwa Italia, kimechapwa China. Mchoraji mwenyewe ni wa Tunduru, wa Kigezi, wa Machame, wa Lubumbashi, na huko kwao kitabu hakijulikani hata rangi ya jalada.

Sababu moja naijua vizuri kuliko wahakiki wengi, kwa hiyo mnivumilie niieleze. Riwaya inahitaji wino mmoja, mweusi. Picha ya rangi kwenye mashine ya ofseti inahitaji wino aina nne: wa samawati, wa waridi, wa njano na mweusi, na kila mmoja una pleti yake, yaani bamba la kuchapia. Gharama ya pleti haipungui kwa sababu umechapa nakala chache. Ukichapa mia mbili au elfu ishirini, pleti ni zilezile. Karatasi ya ati, ile inayong'aa, inaagizwa kutoka nje. Halafu kuna kupiga picha ya picha, kazi ambayo watu huidharau mpaka waone matokeo. Michoro ya Tingatinga ilipakwa rangi ya mafuta ya kung'aa, ileile waliyokuwa wakipakia baiskeli. Ukiipiga chini ya taa mbaya, katikati ya chui panatokea doa jeupe la mwanga. Michael Armitage wa Nairobi anachora juu ya lubugo, gome la mti la Uganda, lenye matundu na mishono. Ile kahawia yake inapatikana kwa kuchanganya wino zote nne, na wino mmoja ukizidi kidogo tu, gome linageuka kijani. Nimeiona kijani hiyo kwenye makaratasi yetu wenyewe, kwa kazi ya mteja asiyehusiana na sanaa hata kidogo, na najua fundi wa mashine anavyohangaika nayo.

Basi bei naielewa. Nikimwona mtu analalamika kwamba kitabu cha michoro kinauzwa kama simu, siungani naye sana. Ugomvi wangu upo kwingine: ukishafika mbele, ni nani anayeongea?

Vingi ukivifungua anaongea mwenye kukusanya picha, kisha mkurugenzi wa makumbusho, kisha profesa, kisha mdhamini anashukuriwa. Mchoraji anapata kurasa mbili za tarehe: alizaliwa, alisoma, alionyesha, alionyesha, alionyesha. Picha zake zimepangwa kimya, kila moja ina vipimo vyake kwa sentimita.

Ndiyo maana kitabu ninachokipenda kuliko vyote katika fani hii ni cha mtu aliyekuwa akitembeza picha zake nyumba kwa nyumba. Tshibumba Kanda Matulu wa Kongo alizaliwa mwaka 1947, Lubumbashi ikiitwa bado Élisabethville. Alichora juu ya kitambaa cha magunia ya unga. Wateja wake walikuwa watu wa mji wenyewe, makarani na wafanyakazi wa shaba, waliotundika picha sebuleni: mamba muntu, yaani nguva mwenye nywele ndefu, au ile picha ya gereza la wakati wa Wabelgiji, mfungwa kalazwa chini anachapwa viboko huku ofisa anatazama. Katika miaka ya 1973 na 1974 alikutana na Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifundisha chuo kikuu cha pale, na ikadhihirika kwamba Tshibumba hakuwa anajiona mchoraji peke yake. Alijiona mwanahistoria. Alitaka kuichora nchi yake yote, tangu kabla ya Wazungu hadi Mobutu.

Akaichora. Picha 101. Alikuwa akizileta kwa mafungu, wanakaa, kinasa sauti kinawashwa, na Tshibumba anasimulia moja baada ya nyingine. Kwa Kiswahili. Kile Kiswahili cha Shaba, yaani Katanga, chenye Kifaransa kibao ndani yake, ambacho mtu wa Dar akikisikia mara ya kwanza anatabasamu, akikisikia mara ya tatu anaanza kukiiga. Kitabu kilitoka 1996 kwa Kiingereza kwenye chapa ya Chuo Kikuu cha California, na Fabian alifanya jambo ambalo sijaliona mara nyingi: aliipa sauti ya mchoraji nafasi ya mbele, picha na masimulizi yake, maelezo yake mwenyewe ya kitaalamu akayasogeza baadaye. Masimulizi yenyewe ya Kiswahili, neno kwa neno kama yalivyotoka kwenye kanda, yeye na wenzake waliyaweka mtandaoni bure. Nenda kayasome. Mimi nimeyasoma usiku, simu mkononi, umeme umekatika, na ilikuwa kama nimekaa kwenye kiti cha tatu mle chumbani. Mmoja anauliza, mwingine anajibu, anakumbuka kitu, anarudi nyuma.

Kuna picha ya kifo cha Lumumba na wenzake Mpolo na Okito, tarehe 17 Januari 1961. Miili mitatu imelala, na kwa mbali misalaba mitatu. Mtu yeyote aliyepita mafundisho ya kipaimara anaielewa bila kuelezwa. Lakini ukiisoma pamoja na maneno ya mchoraji unaona kwamba misalaba ile haikuwa pambo, ni hoja. Tshibumba anajenga kesi kama wakili, na kila picha ni shahidi aliyeitwa. Ukiing'oa picha hiyo moja ukaiweka kwenye kitabu cha mezani, ukubwa wa ukurasa mzima, karatasi ya gramu mia mbili, umemnyamazisha shahidi katikati ya kesi. Na wamefanya hivyo mara nyingi, maana picha zake sasa zina bei. Yeye mwenyewe alipotea. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 hakuna habari zake.

Linganisha na Edward Saidi Tingatinga wetu. Alianza kuchora 1968, akiuza pale Morogoro Stores, Oysterbay, na mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakidhani ni mhalifu. Miaka minne hivi! Jina lake limekuwa jina la mtindo mzima, duka zima, kizazi kizima cha mafundi, na sauti yake hakuna. Kila ninachokisoma juu yake kimesimuliwa na ndugu, wanafunzi, wateja. Nani angekwenda na kinasa sauti kwa kijana anayeuza michoro ya ubao kando ya duka la mboga? Lubumbashi alikwenda mtu. Dar hakwenda.

Jak Katarikawe alikuwa na bahati zaidi. Alitoka Kigezi, alikuwa dereva Kampala, na aliyeziona picha zake na kumsukuma aendelee alikuwa David Cook, profesa wa fasihi wa Makerere, yuleyule aliyehariri mkusanyo wa maandishi ya wanafunzi wa chuo hicho mwaka 1965. Mchoraji Sam Ntiro akamfundisha. Katarikawe alikuja kuishi Nairobi akichora ng'ombe wenye mapenzi na wivu kama watu, na kila picha ilikuwa na kisa chake, alikisimulia kwa yeyote aliyesimama mbele yake. Johanna Agthe wa makumbusho ya Frankfurt alivisikiliza visa hivyo, na kitabu cha 2001 kilichotokana na onyesho la huko ni kizuri. Kinauzwa huko pia.

Nimemtaja Cook makusudi. Kinachonivutia hapo ni kwamba mtu wa fasihi ndiye aliyemwona mchoraji. Zamani hilo lilikuwa jambo la kawaida, na mahali lilipotokea sana ni kwenye majarida.

Jarida ni chombo cha maskini, na nasema hivyo kwa sifa. Halingoji mdhamini wa makumbusho. Unaweka shairi, hadithi, tahakiki, kisha unachonga picha kwenye mbao au lino, nyeusi tupu, pleti moja, na imekaa vizuri kuliko rangi iliyokosewa. Black Orpheus ilipoanza Ibadan, Nigeria, mwaka 1957, Ulli Beier aliweka wachoraji na washairi kwenye kurasa zilezile, na majalada mengi ya mwanzo yalibuniwa na Susanne Wenger. Ukiyatazama leo hayajazeeka. Huku kwetu Idara ya Kiingereza ya Makerere ilikuwa na Penpoint tangu 1958. Nairobi kulikuwa na Zuka, lililoanza 1967 chini ya Jonathan Kariara, mshairi na mhariri. Na Kariara huyohuyo alikuwa miongoni mwa walioanzisha Paa ya Paa, nyumba ya sanaa ya Nairobi, mwaka 1965 pamoja na Elimo Njau, mchoraji wa Marangu aliyechora ukutani mwa kanisa kuu la Murang'a maisha ya Yesu katika vilima vya Wakikuyu. Unaona? Mtu mmoja asubuhi anasahihisha mashairi, jioni anapanga picha ukutani. Rebeka Njau, mke wa Elimo wakati huo, alikuwa mwandishi wa tamthilia. Terry Hirst, mwalimu wa sanaa aliyekuwa kwenye kundi hilohilo, baadaye alianzisha na Hilary Ng'weno jarida la vichekesho la Joe, 1973, lililosomwa na makondakta na mahakimu. Mwaka 1997 moto uliiunguza Paa ya Paa, pamoja na kazi za sanaa na vitabu. Kila nikilifikiria hilo nasikia hasira ya kijinga, kana kwamba kuna mtu wa kumshitaki.

Transition nalo lina habari yake. Rajat Neogy alilianzisha Kampala mwaka 1961, kijana wa miaka ishirini na kitu, na kwa muda likawa jarida lililogombaniwa kuliko yote barani. Kisha mwaka 1967 ikajulikana kwamba sehemu ya fedha zake ilipitia kwenye taasisi iliyokuwa ikilishwa na CIA, bila yeye kujua, kwa maelezo yake. Mwaka uliofuata serikali ya Obote ikamtia ndani. Jarida likahamia Ghana, likafa 1976, likafufuliwa Marekani 1991, na leo linatolewa Harvard. Ndiyo maana nikasema nataka kujua nani amelipa. Kuna majina ambayo ukurasa wa nyuma hauyaandiki.

Sasa nije nyumbani kwangu. Sam Ntiro alizaliwa Machame 1923, na Machame ndiko kwa bibi yangu mzaa mama. Alisoma Makerere kwa Margaret Trowell, akaenda chuo cha sanaa cha Slade huko London, na baada ya Uhuru akarudishwa London kama balozi wetu. Kuna picha yake ya 1956 kwenye makumbusho ya MoMA, New York: wanaume wanapeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi, usiku. Nilimwonyesha bibi kwenye simu. Hakuuliza habari za New York wala za mchoraji. Alivuta picha kwa vidole, kama alivyofundishwa na wajukuu, akauliza mbona usiku, hiyo mbege ni ya hatua gani ya mahari, na wa upande wa mke wako wapi. Nikamwambia, "Bibi, sijui." Akasema, "Basi aliyeandika hayo maelezo hapo chini hakuuliza." Kisha akanieleza hatua zote, kibuyu kwa kibuyu, ulezi unaingia lini kwenye ndizi, nani hutangulia kuonja, mpaka chaji ya simu ikaisha.

Hayo ndiyo maelezo ninayoyataka chini ya picha ya Ntiro. Kitabu cha Kiswahili juu yake chenye maelezo ya namna hiyo sijakiona kwenye duka lolote ninalolijua. Kilicho karibu nilichopata ni mkusanyo wa makala juu ya sanaa ya Afrika Mashariki aliouhariri Marion Arnold, uliotolewa na Mkuki na Nyota hapahapa Dar mwaka 2008. Nilikinunua barabarani Samora, kwa kaka mmoja anayetandaza vitabu vya sheria na vya kujitajirisha. "Dada, hicho kina picha-picha, wanafunzi hawakitaki," akaniambia, akijaribu kunipandishia na kunishushia bei kwa sentensi moja. Kiingereza kitupu, lakini kimetolewa hapa, na hilo peke yake lilinifanya nisibishane sana.

Majarida ya siku hizi yapo, na mengine nayapenda sana. Kwani? ilipotoka Nairobi mwaka 2003 chini ya Binyavanga Wainaina ilinifundisha kwamba ukurasa unaweza kupiga kelele. Kikundi cha waandishi kiitwacho Jalada wakaja 2014, na miaka miwili baadaye wakatoa toleo la tafsiri: ngano ya Ngũgĩ wa Thiong'o iliyoandikwa kwa Kikuyu ikageuzwa kwa lugha tele za Afrika, Kiswahili kikiwemo. Lolwe lilianzishwa na Troy Onyango 2020, mtandaoni. Huko mtandaoni rangi ni bure! Hakuna pleti, hakuna karatasi ya ati, kahawia haigeuki kijani isipokuwa kioo chako ndicho kibovu. Kwa mtu wa kiwandani kama mimi ni jambo la kuonea wivu.

Lakini bure hiyo majarida mengi ya mtandaoni yanaitumiaje? Hadithi inapewa picha ya mchoraji juu yake, mstari mwembamba wenye jina lake, basi. Picha imekuwa kitambaa cha meza. Hakuna aliyempigia simu mchoraji kumuuliza kwa nini huyo mwanamke kageuza uso. Nchi hii kila mtu ana kinasa sauti mfukoni, na bado tunafanya yaleyale ya Oysterbay 1968.

Yapo yanayonipa moyo. Armitage alianzisha Nairobi taasisi ya sanaa ya kisasa, NCAI, na mwaka 2022 walifungua jengo lao kwa onyesho la Sane Wadu, yule mwalimu aliyeacha kazi akachora, watu wakamwita mwendawazimu kwa Kiingereza, naye akajiita Sane, mwenye akili timamu, kuwakomesha. Hawakuanza na jina la kigeni wala na Armitage mwenyewe. Walianza na mzee wa Naivasha ambaye bado yuko hai na anaweza kuulizwa. Hapo ndipo nilipopigia mstari.

Kiwandani tumekuwa tukibishana juu ya jarida ambalo halipo bado. Mimi nataka kurasa 48: mashiti matatu ya kurasa kumi na sita. Mawili yachapwe kwa wino mweusi kwenye karatasi ya kawaida ya vitabu, humo ndimo mahojiano na hadithi. Moja la katikati liwe la rangi, mchoraji mmoja tu kwa kila toleo, na maneno chini ya kila picha yawe ya kwake, kwa Kiswahili anachokiongea, kiwe cha Tandale au cha Lubumbashi. Pini mbili mgongoni, hakuna gundi. Fundi wetu wa mashine, ambaye namheshimu na ninamwita mzee ingawa hanizidi umri sana, anasema niache rangi kabisa, niwaombe wachoraji wachonge lino kama zamani, tutachapa nakala mara mbili kwa fedha ileile. Namwambia huwezi kumwambia mtu wa Tingatinga achore bila rangi. Ananijibu kwamba hata Tingatinga mwenyewe alitumia rangi alizozikuta dukani. Hapo hunishinda kidogo.

Kwa sasa ninatafuta kitu kimoja. Mwenye matoleo ya Zuka, hata yaliyoliwa na mende, hata yasiyo na jalada, aniandikie. Siyanunui wala siyachukui. Nitakuja na simu yangu nipige picha kila ukurasa, kuanzia wa nyuma.